Mwakilishi wa Bingwa

Nchi ninayoisimulia ina jina, ila jina lenyewe liko kwenye kamati tangu mwaka juzi, na si adabu kulitaja kabla kamati haijamaliza chai. Kwa sasa tuiite Nchi Yetu. Ni nchi ya amani na ya watu wakarimu, na mchezo wake wa taifa ni snuka.

Asiyeijua snuka nitamweleza kwa ufupi. Kuna meza kubwa yenye kitambaa cha kijani na mifuko sita pembeni. Kuna mipira myekundu kumi na mitano, ya rangi nyingine sita, na mmoja mweupe. Unaugonga mweupe kwa fimbo ndefu, nao unamsukuma mwenzake mfukoni. Wa mwisho kabisa kuingia ni mweusi. Huchezwa kwa kizibao, kwa subira na kwa ukimya, na ndiyo maana wakubwa wa Nchi Yetu waliupenda: ni mchezo pekee ambao watazamaji hawaruhusiwi kupiga kelele.

Wachezaji wenye leseni ya Bodi ya Snuka ni sitini na wanne, kila mmoja na namba yake. Namba moja ni Bingwa Zefania Mlekwa. Picha yake iko kwenye stempu, kwenye madaftari ya shule na kwenye mlango wa zahanati, juu ya maneno "Tafadhali Subiri". Namba sitini na nne ni Mbaraka Ungando wa mji wetu wa Kisangile, fundi baiskeli, ambaye picha yake iko kwenye kitambulisho chake.

Kanuni za Bodi ni za haki. Mchezaji asiyeshinda hata mechi moja mwaka mzima hunyang'anywa leseni, na aliyenyang'anywa leseni haruhusiwi kugusa fimbo tena maishani. Hata ya kufukuzia mbuzi, isizidi dhiraa moja.

Mwaka ule Mbaraka alikuwa ameshindwa mara tisa: mara tatu na watu, mara sita na viti. Msishangae. Mchezaji mkubwa akijitoa kwenye shindano dogo, Bodi huweka kiti chake kando ya meza, na kile kiti hupewa ushindi wa heshima. Mbaraka alibakiwa na mechi moja tu, ya Kombe la Sabuni, hapa hapa Kisangile, dhidi ya Bingwa Mlekwa mwenyewe. Akishinda, leseni inabaki. Akishindwa, arudi kwenye spoku na minyororo mpaka kifo.

*

Mjadala ulianza kwenye kibanda cha Chambuso kinyozi, siku tuliyorudi kutoka Kombe la Chumvi. Tulikuwa tumetembea toka alfajiri kwenda kumwona namba nne akicheza na Mbaraka, tukaonyeshwa kiti.

"Nyie kazi yenu kulaumu," Chambuso alisema, wembe mkononi. "Mwaka una mashindano arobaini na moja. Mchezaji ana mabega mawili. Mtamgawa vipi?"

"Moja abaki nalo, moja atuletee," alisema Bi Tabu Likoko, muuza mihogo ya kukaanga, ambaye hakuja kunyolewa bali kugombana.

"Sasa dada Tabu, mtu kama Mlekwa aje Kisangile, apate nini? Katoni ya sabuni?"

"Kwani yeye haogi?"

Tukacheka. Hata mteja aliyekuwa kitini alicheka, akakatwa kidogo sikioni.

"Nguo ya sikukuu haivaliwi kila siku," Chambuso alisema, akimfuta mteja damu.

"Isiyovaliwa kabisa huliwa na mende. Mimi nimeacha karai langu jikoni, nimekwenda kutazama mtu, nimetazamishwa kiti. Kiti ninacho nyumbani. Tena changu kina miguu minne."

"Amechoka, bibi wewe. Mtu hachoki?"

"Achokee hapa, tumwone akichoka."

Mbaraka mwenyewe alikuwepo mlangoni, ameinama, anafunga mnyororo wa baiskeli ya Chambuso. Bi Tabu akamgeukia.

"Na wewe mwenye mambo yako, husemi?"

"Niseme nini, Bi Tabu? Nimebakiza mechi moja." Alizungusha pedali kusikiliza kama mnyororo umekaa. "Simwombei mtu kuugua wala kupona. Ninaomba aje tu. Akija akanifunga, angalau nitakuwa nimefungwa na mtu."

Hapo Bi Tabu aliomba karatasi. Barua aliyoiandika kwa Serikali ilikuwa na sentensi moja: *Anayejitoa aadhibiwe.* Chini yake watu mia nne na kumi na wawili waliweka dole gumba. Waliojua kuandika nao waliweka dole gumba, ili wasijulikane. Chambuso aliweka la mwisho, akieleza kwamba analiweka kwa kupinga.

*

Serikali ya Nchi Yetu ni sikivu. Hata wiki tatu hazikupita, Waziri wa Michezo na Mapumziko alisimama mbele ya vipaza sauti saba.

"Ndugu wananchi," alisema, "mmelia, na Serikali yenu imesikia. Imesikia kwa masikio yake mawili, na kwa lile la tatu tuliloletewa na wahisani. Kuanzia leo utoro mezani ni marufuku. Viti vimefutwa. Viti vilivyokwisha kushinda vitastaafu kwa heshima."

Kisha akaisoma sheria. Kifungu cha kwanza: mchezaji yeyote atakayejitoa atafutiwa leseni siku hiyo hiyo. Kifungu cha pili: wachezaji wa namba moja mpaka kumi hawajitoi, bali hupumzishwa na taifa, na watatuma mwakilishi. Kifungu cha tatu: mwakilishi akiingiza mpira, pointi ni za anayewakilishwa; akikosa, kosa ni lake mwenyewe.

Makofi yalipigwa dakika nne, zikiwemo mbili ambazo hazikuwa kwenye ratiba. Kisangile nzima tulishangilia. Nami nilishangilia, sifichi. Kifungu cha kwanza kilikuwa kitamu kiasi kwamba hatukuwa na nafasi tumboni ya kutafuna cha pili.

*

Siku ya mechi ukumbi ulijaa tangu asubuhi. Bi Tabu alikaa safu ya mbele na karai lake la mihogo. Mbaraka alikuja amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa, fimbo yake ameifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli isije ikakwaruzwa.

Saa nane kamili akaingia Bwana Nkwera, Afisa Mahudhurio wa Wilaya, na daftari kubwa kwapani. Hakuwa na Bingwa. Alikuwa na barua.

"Bingwa Mlekwa," alisoma, "anawasalimu sana wana Kisangile. Anawapenda. Angependa kuwa nanyi kimwili, ila bega lake limeitwa kwa majukumu mengine ya kitaifa. Badala yake amemtuma mpwa wake, namba kumi na mbili."

"Yuko wapi huyo mpwa?" aliuliza Bi Tabu.

Bwana Nkwera akafunua barua ya pili. Mpwa alikuwa mwenyekiti wa kikao cha harusi, na kikao kilikuwa hakijafikia ajenda ya vinywaji. Kwa hiyo naye alituma mwakilishi, namba thelathini. Kulikuwa na barua ya tatu. Namba thelathini alisafiri kweli, ila kijiji cha jirani kilimwona amevaa kizibao, kikadhani ndiye mgeni rasmi, kikampa mkasi akazindue kisima. Tangu hapo wanavijiji wamekataa kumwachia, kwa kuwa wana ghala na daraja pia vya kuzindua.

Ukumbi ulinyamaza, ila si ule ukimya wa snuka. Wakati Afisa anatafuta barua ya nne, mtu mmoja, simjui wala simtaji, aliandika kwa chaki kwenye mlango wa ukumbi:

*Tumekuja tangu jana, viti vyote tumejaza,*
*Yule tuliyemnena, nyumbani amejilaza,*
*Barua tumeiona, bega lake limeoza,*
*Kiti hakipigi fimbo, Bodi tunakuuliza.*

Bwana Nkwera aliamuru ubeti ufutwe, baada ya kuunakili kwa ajili ya ushahidi. Mizani yake ilikuwa kamili. Hilo hata yeye hakulipinga.

Kisha akatangaza kwamba sheria inataka mwakilishi wa dharura apatikane kabla ya saa tisa. Sifa ni tatu: awe na leseni, awe mkazi wa wilaya, na kizibao cha Bodi kimtoshe. Akapekua daftari lote. Wilaya nzima ilikuwa na mwenye leseni mmoja.

"Bwana Ungando," alisema, "hongera. Umeteuliwa kumwakilisha Bingwa."

"Dhidi ya nani, mheshimiwa?"

Afisa akatazama daftari. "Dhidi ya Ungando."

*

Nimeona mechi nyingi, lakini ile sijaona mfano wake. Mbaraka alipewa barua ya uteuzi yenye mhuri na kizibao cheusi cha kuvaa kila akipiga kwa niaba ya Bingwa. Akipiga kwa niaba yake mwenyewe, anakivua. Aliambiwa ashikane mkono na mpinzani, naye akaukamata wa kushoto kwa wa kulia, Afisa akaridhika. Kila zamu ilipogeuka alikwenda kukaa kwenye kiti cha anayesubiri, akijisubiri, kisha akainuka.

Chambuso, shabiki wa Bingwa tangu utotoni, alimpungia mkono akiwa na kizibao na kumsonya akiwa hana. Bi Tabu alifanya kinyume chake.

Kila mmoja pale alijua njia rahisi. Ulipofika mzunguko wa pili Bi Tabu alimwinamia alipokuwa kitini, akamnong'oneza, nami nilikuwa karibu nikasikia.

"Mwanangu, ukivaa hilo dubwana, kosa. Kosa kidogo tu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi, Bi Tabu."

"Kujua kwako kutakupa leseni?"

"Leseni ya kukosa makusudi ni ya nini?" alisema Mbaraka, akainuka kwenda kupiga.

Hakukosa makusudi hata mara moja. Alimchezea Bingwa vizuri kuliko Bingwa anavyojichezea, na akajichezea mwenyewe vivyo hivyo, akitoka jasho la watu wawili. Mizunguko minne ikaisha, miwili kwa miwili. Wa tano ukafika mpaka mezani ukabaki mpira mweusi peke yake, na mweupe wa kuugongea. Atakayeuingiza ndiye mshindi.

Zamu ilikuwa ya Bingwa. Mbaraka akavaa kizibao, akainama, akapima muda mrefu, akapiga. Mweusi ulikwenda moja kwa moja mfukoni, ukagusa mdomo wa mfuko upande huu, ukagusa upande ule, ukatoka ukabingirika mpaka upande wa pili wa meza. Akavua kizibao, akakikunja vizuri kama nguo ya mtu, akapaka chaki kwenye ncha ya fimbo, akapiga tena, kutoka mbali, mlalo wa meza nzima.

Ukaingia.

Tulivunja sheria ya ukimya sote kwa pamoja. Hata Chambuso alisahau yuko upande gani. Mbaraka aliketi sakafuni, kwa kuwa viti vyote viwili vilikuwa vyake na hakujua akalie kipi.

*

Kesho yake Bwana Nkwera alitusomea uamuzi wa Bodi, kwa sauti ya mtu anayesoma utabiri wa hali ya hewa.

"Bodi imepitia kumbukumbu. Mezani alionekana mtu mmoja. Barua ya uteuzi inaonyesha kwamba mtu huyo, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, alikuwa akimwakilisha Bingwa Mlekwa. Kwa mujibu wa kifungu cha tatu, mipira yote aliyoingiza ni ya Bingwa. Bingwa ameshinda mizunguko yote mitano. Bwana Ungando hakuonekana. Bwana Ungando amejitoa. Kwa mujibu wa kifungu cha kwanza, leseni yake imefutwa."

Bi Tabu alimfuata mpaka kwenye gari.

"Baba, ile sheria tuliiomba kwa ajili ya wale."

"Mama, mliomba anayejitoa aadhibiwe. Ameadhibiwa. Kwa Nchi Yetu nzima, huyu ndiye wa kwanza." Alifungua mkoba akatoa barua yenye madole. "Wizara inakushukuru. Hili la juu si lako?"

Bi Tabu aliliangalia dole lake kwenye karatasi, halafu lile la mkononi. 

Kibandani kwa Chambuso mjadala ukaanza upya. "Ndiyo hivyo," alisema mteja mmoja mwenye povu kichwani. "Kumbe hata hawa wadogo siku hizi wanajitoa."

"Hawana nidhamu," alisema mwingine. "Mtu unacheza nyumbani kwenu, unajitoa?"

"Nyinyi si mlikuwepo?" Bi Tabu aliuliza. "Chambuso, hukuwepo? Hukumwona?"

Chambuso alinoa wembe, hamtazami mtu. "Nilimwona, dada. Lakini mimi si daftari."

*

Jumamosi Bingwa Mlekwa alikuja mwenyewe ukumbini, kwa msafara wa magari kumi na moja. Kifungu cha nne, ambacho Waziri hakukisoma, kinasema kikombe hakipokelewi kwa uwakilishi. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kicheko kizuri. Alipunga mikono yote miwili kwa wepesi. Alipokea kikombe na katoni za sabuni, akahutubia kuhusu umuhimu wa kujituma, halafu akaomba aletewe yule fundi baiskeli.

Mbaraka alikuja na mikono yenye grisi. Bingwa akamshika bega, akamwambia kwa sauti ya chini, ingawa kipaza sauti kilikuwa wazi na sote tulisikia.

"Kijana, ule mweusi wa mwisho. Waandishi wataniuliza. Niliupigaje?"

Mbaraka akamweleza. Alimweleza kila kitu: upande gani wa mweupe aliugusa, nguvu kiasi gani, kwa nini hakuulenga mfuko wa karibu. Hakuficha hata chembe, maana ulikuwa mpira mzuri, na mtu anayeupenda mchezo hawezi kuusimulia vibaya hata kwa mwizi wake.

"Safi sana," alisema Bingwa. "Nilicheza vizuri. Sikiliza, wewe nitakuchukua. Utaniwakilisha kwenye haya mashindano madogo yote, mwaka mzima. Utavaa kizibao changu."

Bwana Nkwera alikuwa tayari na barua, na mhuri umekwisha kugongwa.

"Ahsante, Bingwa," Mbaraka alisema. "Naomba kujitoa."

Afisa akafungua daftari. "Una namba ngapi?"

"Sina. Mmeifuta juzi."

"Basi huna cha kujitoa nacho. Kujitoa ni kwa wenye namba. Wewe umeteuliwa."

Hapo Bi Tabu alisimama. "Na sisi watazamaji? Tunaruhusiwa kujitoa?"

Bwana Nkwera alipekua sheria yote, mbele mpaka nyuma, akalamba kidole, akapekua tena. "Watazamaji hawajatajwa," alisema.

"Vizuri," alisema Bi Tabu. Akajitwika karai lake, akatoka. Nikatoka nyuma yake. Safu ya mbele ikatoka, na ya pili, na zote, polepole, bila kelele, kwa heshima ile ile ya snuka. Chambuso alibaki peke yake kwenye benchi refu, akaangalia kulia na kushoto, akakohoa, naye akatoka.

Bingwa alizoea watu wasio na Bingwa. Bingwa asiye na watu hakuwahi kuwa. Alihimili kama dakika moja, akipunga mkono kwa viti. Kisha akatufuata nje, akitabasamu, akituuliza tuna nini, na Bwana Nkwera akamkimbilia na mwavuli. Sisi tuliendelea kutembea. Yeye akaendelea kutufuata, na magari kumi na moja yakamfuata yeye, mpaka sokoni.

Mbaraka alisahauliwa ukumbini. Aliyonieleza baadaye ni haya. Alifunga mlango, akafungua ile fimbo yake iliyobaki humo tangu siku ya mechi, akaipanga mipira yote mahali pake, na akaanza kucheza peke yake. Alikuwa amefika kwenye rangi za mwisho Bwana Nkwera aliporudi kuchukua daftari alilolisahau mezani, akasikia mipira ikigongana, akagonga mlango.

"Nani anacheza humo?"

"Hakuna mtu," alijibu Mbaraka.

"Hiyo ni sauti ya Ungando. Ungando haruhusiwi kugusa fimbo."

"Ungando hayupo, mheshimiwa. Hakuonekana. Imeandikwa kwenye daftari lako."

Akampitishia daftari chini ya mlango. Karatasi zikafunuliwa, kidole kikalambwa. Bwana Nkwera aliukuta ukurasa wa uamuzi, akausoma, akausoma tena. Mhuri ulikuwa halali na sahihi ilikuwa yake mwenyewe. Alisimama pale kwa muda mrefu wa mtu anayetafuta kifungu, kisha Mbaraka akasikia viatu vyake vikiondoka kokotoni.

Akarudi mezani, akapaka fimbo chaki, akainama juu ya mweusi.